Bata Mzinga wa Miguu Minne Mlangoni kwa Mzee Orrin

Risala ya wakazi wa Nyumba za Wastaafu Tamarack, Minnesota, kwa Bi. Solveig Stensrud, mwenyekiti wa bodi

Mgeni rasmi, Bi. Solveig Stensrud, meneja wetu, Bw. Dale; wauguzi na wapishi; watoto na wajukuu mliofika licha ya theluji: makoti vueni, humu ndani kuna joto kuliko Florida.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, pole kwa utelezi. Tangu kifungua kinywa tulikuwa dirishani tukibishana kama gari lako litakipanda kile kilima, na walioshindwa watatoa keki zao za leo. Kwa kufika salama umetufurahisha wengi na kuwanyima keki wachache. Wamenuna pale nyuma, lakini hawaumi.

TULIKOTOKA

Kila mmoja wetu aliingia hapa na masanduku yake na namba ya chumba. Masanduku tuliyafungua, namba ndiyo iliyotushinda. Kichwa cha mzee kinatunza jina la mwalimu wa darasa la kwanza, kisha kinasahau kama mlango wake ni huu au ule unaofuata, na milango yenyewe ilikuwa inafanana kama mayai. Tukawa tunaingiliana vyumbani kama kuku wa majirani. Mtu anatoka kuoga, anamkuta mwenziwe kajilaza kitandani pake na viatu, tena ndiye anayefoka: "Wewe nani kakuruhusu kuingia humu?"

Ndipo tukaomba rangi. Bw. Dale akatupa chumba kilichokuwa cha viti vibovu, tukaweka meza na makopo, na tukajiwekea sheria moja: mlango wako huuchori wewe, anauchora jirani yako. Maana huwezi kumchora mtu usiyemjua, na mtu hajulikani kwa salamu za kwenye lifti. Sharti ubishe hodi, ukae, unywe kahawa yake hata kama ni maji ya moto yaliyoonyeshwa buni kwa mbali, usikilize habari za goti lake, za marehemu wake, na za samaki aliyemponyoka alipokuwa akivua kwenye tundu alilotoboa kwenye barafu ya ziwa, ambaye kila mwaka anazidi kunenepa. Ukitoka hapo unajua uchore nini.

TULICHOVUNA

Mgeni rasmi, tungeweza kukusomea mengi, lakini kahawa itapoa. Tutakusimulia mlango mmoja, na mwenyewe ametupa ruhusa.

Mzee Orrin Halvorsen, wa chumba cha mwisho upande wa ziwa, alifuga bata mzinga maisha yake yote. Alipofiwa na mkewe, na kumbukumbu ikaanza kumtoroka, binti yake Karin akamleta kwetu. Alikuja na kofia yenye picha ya bata mzinga, na kimya. Asubuhi kimya, jioni kimya. Chumba chake hakukijua. Alikuwa akiingia kwa jirani yake, Bibi Verna Pulkrabek, dereva mstaafu wa basi la shule, anakaa kwenye kiti cha dirishani, analitazama ziwa lililoganda na kumaliza biskuti. Karin naye akapunguza kuja. Mapenzi hayakupungua, ila kuongea na ukuta kunachosha, na ukuta huo ukiwa na macho ya baba yako, kunaumiza.

Zamu ya kumchorea ikamwangukia Bibi Verna, ambaye brashi aliyoizoea ilikuwa ya kufutia theluji kwenye kioo cha basi. Alimkaribisha kahawa mara nyingi, asiambulie neno. Basi akaifuata kofia. Akaanza na miguu ya bata mzinga wawili, dume na jike, wasije wakaona upweke. Kengele ya kahawa ikalia. Aliporudi, miwani kaisahau mezani, akaona miguu iko tayari, akaishushia kiwiliwili kimoja, kikubwa, chenye mkia wa kifahari.

Mzee Orrin akatoka, akasimama mbele ya mlango. Akatazama juu, akatazama chini. Akanyoosha kidole.

"Mama wewe, hiki ni nini?"

Korido nzima tukageuka. Wengine ndiyo kwanza tunajua ana sauti.

"Bata mzinga. Huoni?"

"Ana miguu minne."

"Hebu hesabu vizuri."

"Nimehesabu. Minne." Mabega yakaanza kumtikisika. "Kila Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akishaletwa mezani, watu wanagombea paja mpaka ndugu wananuniana. Ningefuga wa aina hii, ningestaafu kijana!"

"Basi ngoja nilete rangi nimfute miwili."

"Thubutu! Mguse uone kama utabakiwa na biskuti chumbani kwako."

Akafungua mlango, akaingia chumbani kwake mwenyewe. Hajapotea tena. Kumbukumbu haijarudi, tusikudanganye. Siku nyingine jina la Karin linamkwepa. Lakini bata wake hamsahau, na kila akimwona anacheka upya kama siku ile. Karin sasa anakuja kila Jumapili, wanachora pamoja. Mlango wa Bibi Verna ameuchora Mzee Orrin: basi la njano, na madirishani abiria wote ni bata mzinga, wametulia kuliko wanafunzi aliowahi kuwabeba.

KINACHOTUKWAZA

Mgeni rasmi, tumetangaziwa kwamba milango yote itapakwa rangi nyeupe, ili wanaokuja kutafutia wazazi wao makazi wakute sura tulivu. Tunashukuru kwa nia njema. Ila utulivu, mama, tunao wa kutosha. Wanaotuzidi utulivu ni watu wa makaburini, na huko hatuna haraka.

Wiki iliyopita fundi alikuja kutayarisha korido ya upande wa ziwa, akafunika milango kwa karatasi. Mzee Orrin akatoka kula, akarudi. Akaenda mpaka mwisho wa korido, akageuka, akaenda tena. Wala hakuuliza mtu. Tulipomkuta alikuwa amesimama na kofia mkononi, kama mtu aliyefika msibani akakosa nyumba, na kile kimya chake cha zamani kilikuwa kimesharudi.

Fundi, kama uko hapa, karatasi yako tumeichana sisi. Alianza Bibi Verna, tukamsaidia. Mzee akamwona bata, akahesabu miguu, akacheka. Bibi Verna ndiye aliyelia.

Fundi anarudi Jumatatu.

OMBI LETU

Tulikuwa na maombi mengine: kahawa iwe kahawa, na lifti iache kufikiri sana kabla ya kupanda. Hayo yanaweza kungoja; kungoja tunakujua.

La leo ni moja. Kabla hujaondoka, tunakuomba ushuke nasi mpaka korido ya upande wa ziwa. Usipeleke tarishi, usiangalie picha. Milango ile utembee mwenyewe, kisha uamue. Mwisho wa korido utamkuta Mzee Orrin amekaa kwenye kiti nje ya mlango wake, maana tumemwambia mgeni anakuja. Atakuuliza bata mzinga ana miguu mingapi. Tafadhali, mgeni rasmi, na elimu yako yote, usikosee. Hapa Tamarack ana minne.

SHUKRANI

Asante kwa masikio yako. Mwenyezi Mungu akushushe salama kilima kile, akupe umri mrefu kushinda wetu. Na siku nawe utakapostaafu, akujalie jirani wa kunywa kahawa yako mbaya, na mwisho wa korido, mlango utakaokuchekesha na kukwambia: ni hapa, ingia, umefika.

Ni sisi wakazi wa Nyumba za Wastaafu Tamarack.

Imesomwa kwa niaba yao na Verna Pulkrabek, ambaye leo amevaa miwani.