Falesi Nankhoma, Mfuga Kuku wa Kanjovu

Marehemu Falesi Nankhoma alizaliwa tarehe 12 Aprili 1966 katika kijiji cha Kanjovu, karibu na Lizulu, wilaya ya Ntcheu, nchini Malawi. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Zintambira na mama Eneti, ambao wote wamekwisha kututangulia.

Alianza shule ya msingi hapa hapa kijijini mwaka 1974. Alifika darasa la sita. Baba alipofariki mwaka 1980, karo iliyopatikana ilitosha kaka zake tu, naye akarudi nyumbani kushika jembe.

Mwaka 1984 aliajiriwa jikoni misheni, na masista wakamkabidhi banda la kuku. Huko ndiko alikojifunza kumulika yai kwa mshumaa na kumtambua kuku mgonjwa kwa sauti yake kabla hajaacha kula. Kazi hiyo aliipenda mno. Alipoondoka mwaka 1993 alipewa mitetea sita, akatembea nayo hadi nyumbani akiwa ameibeba ndani ya tenga.

Alifunga ndoa na Biliati Kamwendo tarehe 9 Septemba 1989, wakajaliwa Masiye na Ellina. Katika ukuta wa jikoni marehemu alichora kwa mkaa bustani aliyoitaka nyuma ya banda: matuta ya vitunguu, kabichi, nyanya, na mahali pa kulazia mbolea ya kuku hadi ipoe.

"Mke wangu," Biliati alimtania, "hizo kabichi zitaliwa ukutani?"

"Cheka tu, baba Masiye. Utakuja kuniomba majani."

Mwaka 1997 Biliati alikwenda Johannesburg kutafuta kazi. Zilikuja barua mbili, kisha kimya.

Marehemu aliendelea peke yake hadi akafikisha kuku wa mayai sitini na wawili. Oktoba 2006 mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku, ukaingia kijijini. Siku ya kwanza walikufa wanne. Jirani yake, mama Dorofe, alimjia mbio.

"Dada Falesi, wauze leo! Sokoni nani atawapima kuku homa?"

"Na atakayewachanganya na wa kwake?"

"Hayo ni yake! Wewe umeachwa na mume, sasa unataka kuachwa na kuku?"

"Sitauza ugonjwa, mama Dorofe."

"Basi ipike hiyo huruma yako uwape watoto."

Katika siku tisa walikufa wote. Marehemu aliwachoma, akawafukia mwenyewe. Wengine waliwahi kuuza, nao wakamcheka. Mdondo ulifuata njia ya soko hadi vijiji vya ng'ambo ya mto.

Alianza upya na kuku watano. Bustani ilihitaji maji, kwa hiyo mwaka 2015 kaka yake, Jailosi, alianza kumchimbia kisima. Kwenye pima ya saba sururu iligonga mwamba. Wakajaribu pembeni, mwamba ule ule. Marehemu alichungulia shimoni akasema, "Toka, kaka. Jiwe halibembelezwi."

Tangu mwishoni mwa 2022 alikuwa akitokwa damu, asimwambie mtu. Machi mwaka huu Ellina alimpeleka hospitali, ikaonekana ni saratani ya kizazi, imekwisha kuenea.

"Mama, mbona hukuja mapema?" daktari aliuliza.

"Kuku ningemwachia nani?"

Mwezi Mei, Ellina akitaka kumchangamsha, alimuuliza vitunguu vipandwe upande gani. Marehemu aligeuza uso.

"Panda mahindi tu, mwanangu. Usijisumbue."

Hakuizungumzia bustani tena. Alifariki nyumbani kwake Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Ameacha binti yake Ellina, wajukuu watatu na kaka yake Jailosi. Ameacha pia mwanawe Masiye, aliyekwenda Johannesburg mwaka 2012 kumtafuta baba yake. Tumepiga kila namba tuliyonayo, hakuna inayopokelewa. Kama kuna mtu hapa anayejua alipo, tafadhali amwambie kwamba leo Jumatano tumemzika mama yake.

Falesi alichoka. Mungu ampokee, ampumzishe.