Bi Fiorenza na Lango la Evasio

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Bi Fiorenza Gallesio anakabidhi ufunguo wa ofisi yetu hapa Alba na kwenda nyumbani, baada ya miaka thelathini na moja ya kupanga safari za kuonja mvinyo katika vilima vya Langhe. Bosi Tullio alitaka wasifu huu uandikwe na mtu aliyesoma. Waliosoma wote wakasema wana kazi nyingi, ndipo ukaniangukia mimi, Nevio, dereva wa basi dogo, niliyekiacha chuo cha hoteli kabla chuo hakijaniacha. Msiwe na hofu. Hakuna anayemjua mama huyu kunishinda. Miaka sita amekaa kiti cha mbele kulia kwangu, akikanyaga breki ambayo haipo.

Alianza kwa kazi ya kupokea simu. Enzi hizo wageni walikuja kununua jibini na njugu, mvinyo wakanywa tu kwa kuwa uko mezani. Ni yeye aliyemwambia bosi wa wakati ule kwamba watu watafunga safari kutoka mbali ili washuke kwenye ghala la chini ya ardhi, wanuse bilauri, waonje, kisha wateme mvinyo kwenye ndoo. Bosi alicheka mpaka akakohoa. Leo safari zetu za vuli hujaa kabla ya Pasaka.

Tuseme ukweli pia: wasiwasi wa Bi Fiorenza ungeweza kuendesha basi bila dizeli. Shamba hulipigia simu wiki moja kabla, tena jana yake, tena tukiwa kwenye kona za kupanda. Asubuhi husimama mlangoni mwa basi na kumnusa kila mgeni shingoni, maana mtu akiingia ghalani na manukato, hakuna atakayenusa kingine. Daktari mmoja wa Ubelgiji alioshwa shingo kwa sabuni kwenye bomba la uwanja wa kanisa, mkewe akipiga picha. Wala hajawahi kupeleka wageni kwa majirani wawili siku moja bila kujua kwanza nani aligombana na nani kuhusu mpaka.

Nyuma ya wasiwasi huo wote kulikuwa na kitu kimoja: lango lililofungwa. Kwenye vilima hivi, mwenye shamba akikuacha nje na wageni wako, mpaka chakula cha jioni kila nyumba inajua, na mwaka unaofuata hakuna anayepokea simu yako. Bi Fiorenza hakuwahi kusimama na wageni mbele ya lango lililofungwa. Alijivunia hilo kuliko pete yake ya ndoa, na mumewe analijua.

Basi ikaja safari yake ya mwisho, ya Wadenmaki kumi na wawili, mwezi uliopita. Kwa kawaida mwishoni mwa Septemba kuna pengo: zabibu za mwanzo zimeshavunwa, nebiolo, zile za mvinyo wetu mkubwa, bado, wakulima wanapumua. Hapo ndipo yeye huchomeka safari zake. Mwaka huu jua lilichoma, nebiolo ikawahi kuiva, na mashamba yakaanza kujitoa moja baada ya jingine. Samahani, tunavuna. Samahani sana, tunavuna. Likabaki lile ambalo Wadenmaki walilifuata kutoka kwao, la Evasio Bogliotti, mzee asiyepokea wageni wa ofisi nyingine yoyote. Evasio hakukataa wala hakukubali. Aliacha tu simu iite.

Tukapanda kwake. Tulimkuta katikati ya mizabibu akitafuna punje ya zabibu na kutema mbegu kiganjani ili aone kwa rangi yake kama zimeiva.

"Evasio, nina watu keshokutwa," Bi Fiorenza akasema.

"Na mimi nina zabibu keshokutwa."

"Wametoka Denmaki."

"Zangu zimetoka hapahapa, na hazingoji. Nikivuna siongei na mtu, Fiorenza, unanijua. Hata mke wangu siongei naye."

"Hiyo ni mwaka mzima," akasema mkewe Pinuccia kutoka mstari wa pili.

Bi Fiorenza hakumbembeleza. Aliuliza tu wavunaji wanakula saa ngapi. Kwetu huku, jua likianza kushuka, mkasi huwekwa chini na meza hupangwa uani: mkate, soseji, jibini, na mvinyo wa nyumbani kwenye chupa kubwa yenye tumbo.

"Basi watu wangu watakula na wavunaji," akasema. "Ghala usilifungue, hotuba usitoe. Wewe kula kama kila siku."

Evasio akatema mbegu nyingine. "Mkitukuta tumeshashuka, sawa. Mkitukuta tuko juu, lango limefungwa, na siteremki kumfungulia mtu."

Wakati wa kurudi Bi Fiorenza alikanyaga ile breki yake mara nyingi kuliko siku zote. "Nevio, watu hawa wametoka kwao kuonja mvinyo mkubwa, mimi nawapeleka wakanywee vikombe vya jikoni."

"Mimi nimekulia kwenye vikombe hivyo, na niangalie nilivyo."

"Ndicho kinachonitisha."

Siku ilipofika, tulikuwa mbele ya shamba saa kumi na moja jioni. Lango lilikuwa limefungwa. Nyuma ya kilima lilisimama wingu jeusi lenye tumbo jeupe, lile ambalo kila mtu wa hapa analijua toka utotoni: la mvua ya mawe. Nusu saa ya mawe hayo inatosha kumaliza jasho la mwaka. Huko juu wote walikuwa wameinama, wanakata bila kuinua kichwa.

Bi Fiorenza alishuka, akashika vyuma vya lango kwa mikono miwili. "Ndilo hili," akasema taratibu.

Wadenmaki nao wakashuka. Mmoja wao, mama mrefu, akaomba mkasi. Walikuwa tayari wote kumi na wawili.

"Hapana," Bi Fiorenza akawaambia. "Mkaguzi wa kazi akipita akawakuta mnavuna bila mkataba, mzee huyu atapata balaa la pili. Kaeni nje ya lango."

Kisha akavua viatu vyake vya kisigino, akavaa mabuti yangu ya mpira niliyoyaweka nyuma ya basi, akapanda ukuta wa mawe kwa sketi ya ofisini. Mama wa miaka sitini na sita. Nikamfuata, ningefanya nini.

Evasio alipotuona alisimama na mkasi hewani. "Mnafanya nini huku? Akija mkaguzi?"

"Mwambie mimi ni binamu yako."

"Na hilo refu?"

"Mtoto wa binamu yako."

"Kwa ule uzembe, ni wa ukoo kweli," Pinuccia akasema, akanisukumia kreti.

Tulibeba kreti mpaka bandani. Mimi nilikuwa nabeba mbili mbili, wavunaji wakinitazama kwa wivu, mpaka Bi Fiorenza akaniambia nibebe moja, naziponda. Ndipo tukasikia sauti kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati. Haikuwa kwetu. Mawe yalikuwa yanapiga kilima cha pili, kwa jirani yake Evasio, Dalmazzo. Hakuna aliyeshangilia. Evasio alivua kofia, akasikiliza mpaka ikaisha, akaivaa, wakamalizia mistari iliyobaki.

Aliposhuka, alilifungua lango mwenyewe. Halafu akampigia Dalmazzo simu, akamwambia chakula kiko mezani. Dalmazzo alikuja na matope mpaka magotini, akala. Bi Fiorenza alikaa kando yake na kumjazia kikombe kila kilipopungua. Wadenmaki nao wakanywa polepole. Hakuna aliyetema. Evasio akaenda ghalani peke yake, akarudi na chupa yenye vumbi, akaimimina kwenye vikombe vilevile vya jikoni, cha kwanza kwa Dalmazzo.

Hapa ofisini tunabishana mpaka leo. Bosi anasema lango lilifunguliwa, kwa hiyo heshima ya Bi Fiorenza haina doa. Mwenyewe anakataa. "Lilifungwa," anasema. "Nililishika." Lakini tangu siku ile nimemwendesha mara nne, na ile breki hajaikanyaga.

Tulipokuwa tunaondoka kule, Evasio aliinama dirishani. "Mwaka ujao nani atanisumbua kwa simu?" Bi Fiorenza akanionyesha mimi. Mzee aliniangalia kama anavyoangalia mbegu ya zabibu. "Tutaona," akasema.

Kwa hiyo sasa asiyelala ni mimi. Juzi nilimpigia Evasio, ikaita bure. Jana ikaita bure. Leo asubuhi, kabla sijaandika karatasi hii, akapokea. "Mtoto wa binamu," akasema, "nina kazi, piga kesho," akakata.

Bi Fiorenza, asante kwa kila simu ya tatu, kwa kila shingo uliyoinusa, na kwa mabuti yangu, ambayo sitayaosha. Nenda kapumzike kwa afya na furaha wewe na mzee wako. Zabibu zikiwahi tena, wewe lala. Kesho nampigia.