Projekta Mbili za Mzee Maduhu

Saa tatu asubuhi jua la Maganzo lilikuwa limeshapamba moto, na kwenye benchi la kahawa la Mama Selestine, ubavuni mwa ghala la pamba, siku hiyo mazungumzo hayakuwa ya bei ya almasi kama kawaida. Mzee Maduhu alikuwa ameleta projekta mbili: moja nyeupe, ndogo kama kopo la maziwa ya unga, na moja nyeusi, kubwa, iliyowahi kutumika kanisani. Mwenye duka wa Shinyanga mjini alimwazima zote ajaribu, na Hiace ya saa nne ndiyo ingerudi na ile atakayoikataa. Maduhu alikuwa hoi. Tangu mkewe Vumilia apigwe na kiharusi mwezi wa tatu, huamka mara nne kila usiku kumgeuza, na kichwa chake hakikuwa tena na nafasi ya kuchagua kitu. Vumilia, ambaye kila Jumapili alikuwa hakosi benchi la mbele kwenye banda la video, alikuwa hajaona picha miezi saba. Maduhu alimwahidi kumletea banda chumbani, na ahadi hiyo aliogopa kuikosea.

Masalu, dalali wa almasi ambaye kijiwe kizima kinamwita Karati, aliipulizia pumzi ile ndogo kwenye kioo, akasubiri.

— Almasi ya kweli mvuke haukai, alisema. Huu umekaa. Hiki ni kioo cha chupa.

— Na ile kubwa? aliuliza Maduhu.

Karati akaipulizia nayo. Mvuke ukakaa zaidi.

— Hii ndiyo chupa yenyewe.

Thobias, fundi redio aitwaye Waya, alivuta umeme kutoka kibandani kwa Mama Selestine, wakazielekeza zote mbili kwenye ukuta wa ghala uliopakwa chokaa. Feni zikavuma. Ukutani hapakuonekana hata kivuli cha picha. Waya alisema hilo alilijua, projekta inataka giza, wangeziingiza ghalani dakika tano tu. Karati akagoma. Mali hainunuliwi gizani, na hapo kijiwe chote kilimuunga mkono, maana hakuna wa Maganzo ambaye hajawahi kuuziwa kipande cha chupa kwa mwanga wa tochi. Maduhu mwenyewe aliuziwa mwaka alioposa. Basi zikabaki juani.

— Haya, ikifika nyumbani chumba kiwe giza totoro, alisema Waya. Bati lako lina matundu?

— Yapo. Ya misumari ya zamani.

— Ziba kwa lami, yote. Haba na haba hujaza kibaba.

Maduhu akaitikia kwa kichwa. Nusu kopo la lami lilikuwa nyuma ya nyumba. Angepanda jioni, magoti yakimruhusu.

— Mficha uchi hazai, alisema Karati.

— Hiyo inaingiaje hapa? aliuliza Mama Selestine.

— Picha ukiifungia gizani itatokaje?

Kutoka hapo mambo yakaharibika. Waya alidai mashine hizi zimetengenezwa kwa nchi ambazo jua huja likizo tu. Karati akasema kosa ni la ardhi: chini ya Maganzo kumejaa almasi, zinarudisha mwanga juu, ndiyo maana picha inashindwa kutua. Waya akapima, akaona iliyo mbaya zaidi ni ile nyeusi. Imezoea kwaya, alisema. Ukiiwekea picha ya ngumi itagoma. Karati akashauri basi iombewe kwanza. Maduhu alishika kikombe kilichopoa, akiwasikia kama mtu anayesikia mvua ya kijiji cha pili. Saa nne ilikuwa inakaribia, na bado alikuwa hajui lolote.

Ndipo alipofika mwanamke kijana, Kudra, mwenye kuku wawili mkononi, anayesubiri hiyo hiyo Hiace.

— Shikamooni.

— Marahaba, mayu, alijibu Mama Selestine, akimwita mama kwa Kisukuma. Kaa.

Aliuliza mashine ni za nini, akaelezwa, tena na watu wawili kwa pamoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Bibi yake wa kule kijijini Didia alilala hivyo hivyo miaka miwili, alisema.

— Mama anaweza kukaa?

— Hawezi, alijibu Maduhu. Analala chali. Shingo nayo haigeuki vizuri.

— Sasa ukutani ataonaje?

Karati aliinama akafunga kamba ya kiatu. Waya akasema kwa sauti ndogo kwamba basi itaelekezwa juu.

— Na huko juu anakotazama, kuna nini?

Wote wakamgeukia Maduhu. Kila aingiapo chumbani humtazama Vumilia: mdomo, mgongo, vidonda. Yeye hulala sebuleni kwenye mkeka asije akamgonga. Miezi saba, na hakuwahi kuinua macho aone mkewe anaona nini. Aliona aibu, akaweka kikombe chini na kuondoka bila kuaga.

Nyumbani alivua viatu, akajilaza taratibu kando ya Vumilia, akatazama juu. Matundu ya misumari yalikuwa yanawaka moja moja. Kutoka kila tundu ulishuka uzi wa mwanga, na mwisho wake duara dogo la jua lilitulia ukutani, kwenye boriti, kwenye neti.

— Umechelewa, alisema Vumilia kwa ulimi wake mzito. Lile kubwa limeshapita kabatini.

— Linakwenda wapi?

— Mlangoni. Likifika mlangoni, unaniletea uji.

Kumbe ndivyo Vumilia alivyokuwa akijua saa.

— Nimekuchagulia ile projekta ndogo, alisema Maduhu. Ile inaweza kutazama juu. Nitafunga shuka jeupe kwenye boriti.

— Usiku?

— Usiku.

— Asubuhi ulitoe, alisema Vumilia. Na bati usilizibe.

Honi ya Hiace ilisikika barabarani. Maduhu alijua anapaswa kukimbia kuipeleka ile nyeusi, lakini duara lilikuwa limebakiza shubiri moja kufika mlangoni, akalala akalitazama.