Mwalimu wa Ngoma Ambaye Hatukumtaja: Risala ya Wakazi wa Yurzhong

Mgeni rasmi, Dasho, Mkuu wa Wilaya yetu. Lama wetu mheshimiwa. Wazee, wachezaji, na ndugu zetu wote mliojaa katika ua huu wa hekalu:

KARIBU YURZHONG

Tunakukaribisha katika siku ya tatu na ya mwisho ya tsechu yetu, sikukuu ya ngoma za hekalu. Tunajua gari lako liliishia kwenye maporomoko ya udongo, ukapanda saa mbili kwa miguu ukiwa na buti za sherehe. Chai ya siagi uliyokunywa ni ya kwanza tu. Na yule mchekeshaji wa kinyago chekundu aliyekuvuta mkanda mbele za watu, tunakuomba umsamehe. Kazi yake ndiyo hiyo, hata Lama hasalimiki.

TULIKOTOKA

Ngoma za vinyago tunazicheza kila mwaka kwa heshima ya mtakatifu wetu Guru Rinpoche, tangu kabla ya babu za babu zetu. Kuzitazama ni baraka. Mwaka wa kuzikosa hakuna kati yetu aliyewahi kuuona.

Kwa miaka thelathini na minane mwalimu wetu alikuwa mzee wetu Ap Samdrup. Alifundisha kwa mdomo na kwa fimbo ya mwanzi, hakuandika chochote. Mwaka jana, kabla ya baridi, homa ya mapafu ilimchukua. Kijana aliyemwandaa kushika nafasi yake yuko Australia, anaosha magari.

Ofisi yako ikatuandikia kwa upole kwamba, kama hatuna mwalimu, tsechu yetu iunganishwe na ile ya makao ya wilaya. Barua ile tuliisoma mara tatu. Mwezi mmoja baadaye tukajibu: "Mwalimu amepatikana." Jina hatukuandika. Hatukusema uongo, Dasho, ila tulinyamaza, na ukimya huo umetukaa kooni miezi mitano. Leo tunautoa.

YALIYOTOKEA

Baada ya msiba, vijana walikuwa wakijaribu wenyewe Ngoma ya Paa, yule mnyama wa pembe, nyumbani kwa marehemu. Mjane wake, mama yetu Aum Rinzin Lhadon, alikuwa barazani anafuma. Ugyen Tenphel, dereva wa trekta, akageuka upande usio wake. Mama akatupa uzi chini.

"Wee Ugyen! Unacheza au unatafuta kiatu?"

"Kama unajua, Aum, si ushuke utuonyeshe!"

Alikuwa anatania. Mama akashuka. Akapandisha kira yake, lile vazi refu, juu ya vifundo, akaicheza ngoma ile mwanzo hadi mwisho, huku akiihesabu midundo kwa ulimi. Hakuna aliyecheka. Miaka yote ile alikuwa amefuma pale pale, mikono kwenye uzi, masikio uani.

Lakini hapa kwetu ngoma hizi hufundishwa na wanaume. Ap Dophu, aliyevaa kinyago cha paa miaka ishirini, alisema wazi: "Tutachekwa na mabonde yote." Tukaenda kwa Lama. Lama akamuuliza Aum swali moja.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna, Lama. Marehemu mwenyewe alikuwa anasahau sahau, namkumbusha wakati wa kula."

Lama akasema: "Basi endelea kukumbusha."

TULICHOFANIKIWA

Tumepata wachezaji kumi na wawili. Juzi, katikati ya Ngoma ya Paa, Ugyen alisimama ghafla. Kinyago kilimziba, hajui kulia wala kushoto. Kisha upande wa wanawake kikasikika kiganja kikipiga paja: pa, pa-pa. Mguu wa Ugyen ukainuka, ngoma ikaendelea, na sisi tukashusha pumzi. Wengine tulilia, hatuoni haya kusema.

Ngoma ilipokwisha Ap Dophu alimfuata Aum.

"Nilikuja na maneno yangu tayari, mama. Nimeyameza na chai."

"Ungeyameza tangu baridi, Ap, tungelala usingizi."

CHANGAMOTO

Aum ana miaka sitini na saba na magoti yanamsumbua. Vijana wanaondoka, kila anayepata pasipoti tunamfanyia karamu, na asubuhi yake tunahesabu waliobaki. Tena wapo watu wa mabonde mengine wanaouliza kama tsechu yetu ni halali.

MAOMBI

Barabara tunaiomba kila mwaka. Mwaka huu hatuigusi, ili ombi letu la kwanza lisikike vizuri: jina la Rinzin Lhadon liandikwe katika daftari la walimu wa ngoma wa wilaya, kwa mkono wako, kama mwalimu wa Yurzhong. La pili, watumishi wa serikali waliozaliwa hapa wapewe ruhusa ya kuja mazoezini.

Kama tulikosa kwa kunyamaza, kosa ni letu sote. Yeye hakujua tulichoandika.

Tulimwomba akae mbele leo, akakataa. Yuko safu ya tatu, mwenye kira ya kijani, anayejifanya anafunga kamba ya kiatu. Ukimtazama atatamani kuondoka. Tunakuomba umtazame hivyo hivyo.

Guru akulinde wewe na nyumba yako, akushushe mlimani salama, na mvua isikupate njiani.

Ni sisi,
Wakazi wa Yurzhong, nyumba zote thelathini na moja.
Imesomwa kwa niaba yao na Phuntsho Gyem, mwakilishi wa kijiji.