Mashine Yangu Msiigawane

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Edouard vuta kiti, maana sauti yangu siku hizi haivuki hata pazia. Nisikilizeni ningali na pumzi, wala msianze kulia, kilio kina siku yake. Jana mchana mlidhani nimelala, nami nilikuwa macho, nikawasikia mkigawana mashine yangu ndogo ya reli.

"Ile mwili iko yangu, njo miye niliileta toka Sakania," alisema Edouard.

"Basi magurudumu iko yangu," akajibu Claudine.

Na Liévin, kitinda mimba wangu, akawaambia, "Bebeni tu. Miye nitatosha mota yangu mule ndani, niende nayo, mubakie na mukebe ya samaki ya pilchard."

Mlicheka, na mimi nyuma ya pazia nilicheka pia, ila kicheko changu kilinichoma kifuani. Siwalaumu. Kwetu mtu akifa vitu vyake hutawanyika, sahani huku, blanketi kule, na ndugu wa Kasenga watakaa uani baada ya maziko wakingoja zamu yao. Cherehani ni ya Claudine, asibishane naye mtu. Baiskeli ya baba yenu ni ya Liévin, na kitanda hiki kichukue wewe Edouard, nikishakiacha. Shangazi yenu Wivine mpeni kitenge changu cha Pasaka. Najua aliutangazia mtaa mzima kwamba mjane anayecheza na vitu vya watoto ameingiwa na kitu, lakini msimnunie siku ya kilio, mpeni na chai. Hakuna kilichoniingia, wanangu, isipokuwa hamu ya kujua, nayo haina dawa.

Sasa ile mashine. Kabla hamjaitia bisibisi, jueni ni kitu gani.

Baba yenu Adalbert aliendesha mashine za makaa za reli maisha yake yote, na siku ile mashine ya mafuta ilipoingia depo ya treni hapa Élisabethville, nilikuwa nimempelekea chakula. Aliizunguka, akaweka kiganja ubavuni mwake kama mtu anayepima homa ya mtoto, kisha akaniuliza mimi, mshona nguo, "Mama Edouard, moto yake iko wapi? Maji yake inakunywa na kinywa gani?" Alikufa mwaka uliofuata bila kuamini kwamba kitu kisichotoa moshi kinaweza kuvuta mabehewa ya shaba. Swali lake likabaki nyumbani humu kama mgeni asiyeaga, nami nikasema, nitaitengeneza ndogo, niiweke mezani, niizunguke mwenyewe.

Mlinisaidia, sisahau. Edouard aliniletea behewa la abiria la mchezo, la Kiingereza, liwe mwili wake, lililovuka mpaka kutoka Ndola hadi Sakania likiwa limebonyea. Claudine alipewa magurudumu na vipande vya reli vya Kijerumani na yule mama wa Kizungu ambaye yeye humlelea watoto, watoto hao walipochoka kuvichezea. Liévin akaokota mota ya Kifaransa katika takataka za duka la yule Mgiriki anayemfanyia kazi. Nikaviweka vyote mezani, na havikujuana. Magurudumu yalikaa relini vizuri, mwili ukakaa juu ya magurudumu vizuri, na bado jicho langu lilikataa. Ilikuwa kama mtu aliyevaa koti la mdogo wake. Nilikaa nayo wiki nyingi nikiuliza, kosa liko wapi?

Basi nikachukua utepe wangu wa kushonea nikaenda depo. Rafiki wa baba yenu, mzee Dominique, akanishikia ncha, nikapima reli, nikapima kiuno cha mashine yenyewe. Vijana waliacha kazi. "Mama, unaikatia robe?" wakaniuliza. Nikawaambia ndiyo, gauni, na kitambaa mtalipa ninyi. Lakini njiani nikirudi sikucheka tena, kwa kuwa nilikuwa nimeona. Reli yetu ya Katanga ni nyembamba kuliko ya Ulaya, na juu ya wembamba huo mashine yetu ni pana, inazidi reli mara mbili na nusu na ushee. Wajerumani walitengeneza magurudumu kwa ajili ya reli ya kwao, Waingereza wakatengeneza behewa kwa kipimo cha kwao, na wote walikuwa sahihi kwao. Hakuna aliyekuwa amefikiria sisi. Ndipo nikalipasua lile behewa katikati, kichwa mpaka mkia, nikaunga kipande cha mkebe wa pilchard, nikalinenepesha mpaka utepe ukasema ndiyo. Mlisema imekuwa mbaya. Edouard ulisema, "Mama, iko munene sana." Nenda depo ukaitazame ile kubwa, mwanangu. Ndivyo ilivyo.

Kulabu nazo zilikataa kushikana, ya Kiingereza ya mwili na ya Kijerumani iliyokuja na magurudumu, kila moja na mdomo wake. Nikatengeneza kile kibehewa cha kubeba mawe ya tochi yanayoipa mota nguvu, mbele kina kulabu ya huku, nyuma kina ya kule, nikakiita Mukwe, kwa sababu mkwe ndiye anayeshikwa na koo mbili, na zikivutana yeye ndiye anaumia.

Kwa hiyo Edouard, ukitaka mwili wako, utachukua na mkebe wangu. Claudine, ekseli zako nimezikata ncha nikazirefusha nje ya magurudumu, zishike mwili ulionenepa. Liévin, mota yako sasa inazunguka kwa meno ya saa ya baba yako, bila hayo itakimbia kama mbuzi aliyekatika kamba. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nawausia, ikae kwa Claudine, juu ya kabati, na asiilegeze mtu hata skrubu moja wenzake wawili wasipokuwapo. Ndugu wa Kasenga wakiuliza, waambieni haijamalizika, na kitu kisichomalizika hakigawanywi.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Haijatembea bado, mwajua? Nilifunga mota, ugonjwa ukanilaza. Claudine, panga reli hapo sakafuni, zile za kunyooka, kisha ile ya kona. Liévin, unga waya. Msininyanyue, nitasikia.

Ndiyo. Ndiyo hiyo. Sikilizeni inavyonguruma, kama mzee anayesali... Inapita kitanda. Adalbert, moto...

Imeanguka. Nimesikia. Hapana, Edouard, usiiokote. Iacheni hivyo hivyo muitazame. Ilikuwa imefika kwenye kona? Gurudumu lipi lilitoka kwanza? Claudine anasema la mbele. Liévin, wewe unasema Mukwe ndiye aliyeivuta. Inawezekana. Au ni ule unene niliouongeza, au ekseli... sijui. Jamani, sijui, na ningependa sana kujua.

Bishaneni, bishaneni tu, mnainama wote watatu, ni vizuri. Mungu awabariki, Mama Maria awafunike. Awape macho. Mikono yenu isi... isiachane. Mnizike karibu na baba yenu, msichelewe, jua ni kali.

Irudisheni relini. Polepole. Mmoja aangalie mbele, mmoja nyuma, mmoja... katikati. Mimi nasikiliza. Ikianguka tena, mniambie ni gurudumu lipi.