Sauti ya Fundi Masikio na Kadi Iliyomdanganya

Wasikilizaji wapendwa, haya nimeyapata kwa mjane mwenyewe. Ilikuwa Alhamisi iliyopita, asubuhi, katika chumba cha kazi alichokuwa akitumia na marehemu mumewe, naye akipiga pasi mashati ya watu. Hakuiweka pasi chini. Alisema, "Mikono ikisimama, na mdomo utasimama." Basi akapiga pasi, akasimulia. Mimi nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikasikiliza mpaka nguo zikaisha.

Leo tunamkumbuka Fundi Masikio. Fundi Masikio, mtengeneza redio na spika. Ametutoka akiwa na miaka sitini na mitatu. Ameacha mke mmoja, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pasi, na binti mmoja, nesi.

Jina la Masikio hakulipata kwa ukubwa wa masikio. Alikuwa hafungui redio ya mtu kabla ya kuilalia sikio kwanza, kama daktari na kifua cha mtoto. Dada yake mkubwa aliniambia, "Huyu tangu mdogo ukimtuma maji, unamkuta anasikiliza bomba."

Miaka yake ya mwisho aliingia kwenye kompyuta ndogo za sauti. Mimi mambo hayo siyajui, nawaambia kama nilivyoambiwa. Ni ubao mmoja tu, mkubwa kama kiganja. Hauna kioo. Kazi yake kutoa sauti. Hospitali aliwafungia mmoja wa kuita namba za wagonjwa. Shule ya wasioona aliwafungia mwingine wa kusoma vitabu. Lakini ubao wenyewe hauna kumbukumbu ya kudumu. Kila unachokijua kimo kwenye kadi ya memori, kidude cha ukubwa wa ukucha kinachochomekwa ubavuni. Itoe kadi, ubao ni bubu.

Ndiyo maana kwenye kadi alikuwa mkali. Mteja akija na kadi mpya, anatamba na namba iliyoandikwa juu yake, Fundi Masikio humwambia, "Hayo ni maneno ya mshenga. Bibi harusi mwenyewe bado hujakaa naye." Kukaa nayo kadi ilikuwa kuijaza. Unaijaza pomoni, halafu unaisoma yote upya, uone kama ulichoweka ndicho unachotoa. Ni kazi ya siku nzima. Kisha unatoa nakala, unaiweka mahali pengine. Kisha kadi unaifunga isiandikwe tena, icheze tu. Na umeme huuzimi mpaka taa ya kijani itulie. Mama Pasi alisema, "Hayo niliyajua kuliko namba yangu ya simu. Nilikuwa nayasikia hata nikiwa naoga."

Kisha koo likaanza kumkwaruza. Akanywa chai ya tangawizi miezi mitatu. Alipokwenda hospitali, daktari akamwambia kisanduku cha sauti lazima kitolewe, na kisicheleweshwe. Akapewa tarehe. Zilibaki siku kumi na tisa.

Alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha wateja, si chake. Mkewe akamwuliza, "Wamesemaje?"

"Wanakata spika, mke wangu. Redio nzima wanaiacha, wanakata spika."

Mama Pasi alicheka. Aliniambia hivyo hivyo, "Nilicheka, bibi wee. Kisha nikaimwaga ile chai ya tangawizi."

Siku kumi na tisa, wasikilizaji wapendwa. Fundi Masikio akaamua kuiweka sauti yake kwenye ubao kabla haijatolewa. Akirudi, awe anabonyeza namba, ubao unamsemea. Akachukua daftari akaandika sentensi mia tatu na kumi na mbili. Za kazi alizitanguliza. Zikafuata za nyumbani, kisha za binti yake. Za moyoni akaziweka mwisho. Na ile ya mwisho kabisa, namba mia tatu na kumi na mbili, hakuiandika maneno yake. Aliandika tu, "Kwa mke wangu. Bila karatasi."

Sasa kadi. Kwenye droo yake kulikuwa na kadi moja ya kweli, ndogo, iliyokwisha kujazwa na kusomwa. Ingetosha. Lakini aliona ndogo. Alitaka sauti ya ubora wa juu kabisa, isiyobanwa, pumzi zote zisikike, naye aliogopa nafasi itamwishia katikati. Akaenda mjini akanunua kadi kubwa, imeandikwa gigabaiti mia moja ishirini na nane.

Mama Pasi akamwuliza, "Umeijaza?"

"Kuijaza ni siku nzima. Siku nzima ni sentensi kumi na sita. Haya, nikupunguzie zipi?"

Wahenga walishasema, mganga hajigangi.

Lakini msidhani alizembea. Aliilinda kadi ile kama yai. Aliogopa umeme usije ukakatika ukamwunguzia kazi, akaunga betri kubwa, na ubao haukuzimwa hata dakika moja kwa siku zote kumi na tisa. Kila sentensi akimaliza, aliisikiliza papo hapo. Ikaitika, safi. Hakujua kwamba ubao ulikuwa bado umeishika kichwani, ukimrudishia yake mwenyewe kabla haijapoa. Angeuzima hata mara moja tu, angegundua mapema. Ile hofu ya kupoteza ndiyo iliyomficha kwamba anapoteza.

Siku ya mwisho alifunga mlango. Mama Pasi alikuwa uani anaanua. Alisikia mvumo wa sauti, maneno hakuyapata. "Nilitaka kutega sikio," aliniambia. "Nikasema, ya nini kuiba kilicho changu?" Mumewe alitoka, macho mekundu. Akamwambia, "Nimekuwekea. Utaisikia nikirudi." Kisha akauzima ubao kwa taratibu zote, akangoja taa ya kijani itulie, akaichomoa kadi, akaiviringisha kwenye kitambaa kikavu, akaitia ndani ya kiberiti kitupu. Nakala, alisema, ataitoa akirudi.

Alirudi baada ya wiki tatu, ana tundu shingoni na hana sauti. Hakutaka hata uji kwanza. Aliichomeka kadi, wakamzunguka. Majina ya sentensi zote mia tatu na kumi na mbili yalikuwepo, yamepangana vizuri. Akabonyeza ya kwanza. Ubao ukasema kwa sauti yake, "Karibu, kaa hapo." Binti yake akaanza kulia kwa furaha. Fundi akaenda nazo moja moja. Ya arobaini, sauti. Ya arobaini na moja, sauti. Ya arobaini na mbili, kimya. Akakagua waya. Akakagua spika. Ya arobaini na tatu, kimya. Akaruka mpaka mia. Akaruka mpaka mia tatu. Mwisho akabonyeza mia tatu na kumi na mbili, akamtazama mkewe usoni.

Kimya.

Binti aliibeba kadi mbio kwa fundi mmoja wa kompyuta mjini, mwanamke wa makamo. Yule mama akaihangaikia saa mbili. Akamwambia, "Mwanangu, juu imeandikwa mia moja ishirini na nane. Ndani imo moja tu."

"Basi nirudishie zilizopotea."

"Kilichofutwa, mimi narudisha. Hizi hazikufutwa. Hazikuandikwa. Baba yako alikuwa anaipa, kadi inaitika ndiyo, ndiyo, na huku inamwaga."

Akaenda kwa fundi wa pili. Akaenda kwa wa tatu. Wote neno moja. Kitabaki kilichoandikwa siku za mwanzo, sentensi arobaini na moja. Na koo la kuzisema tena nyingine halipo, limeshatupwa hospitali. Watu wengine hukata kauli saa ya kufa. Fundi Masikio alikata kauli mara mbili, akiwa bado hai.

Nyingine nyingi zilikuwa daftarini, mtu anaweza kuzisoma. Ila ile ya mwisho. Binti akamwekea baba yake kalamu na karatasi. "Baba, mwandikie mama ile yake." Akaandika, akachana. Akaandika, akachana. Siku tatu. Siku ya nne akampa mkewe karatasi yenye maneno matatu: "Nimesahau. Yalikuja yenyewe."

"Nilimpiga," Mama Pasi aliniambia, na hapo tu pasi ilisimama kidogo. "Nilimpiga na shati lililolowa maji. Mtu katoka kukatwa koo, nami nampiga. Alikaa tu, maji yanamchuruzika. Nikaenda kuleta taulo."

Akaishi miezi minane na sentensi arobaini na moja. Miezi minane. Nazo zote za kazi, maana ndizo alizozitanguliza. "Asante" haikuwemo. Basi jirani akimletea kitu, hubonyeza ya tisa, "Usinihimize, kazi nzuri haina haraka," na jirani hujibu, "Haya, karibu tena." Jirani mmoja alifiwa. Fundi Masikio akaenda na ubao kifuani, akabonyeza, "Spika imekufa, pole sana." Mfiwa alicheka huku analia, akamkumbatia. Binti akichelewa kurudi kutoka kazini, humpigia simu, na binti husikia sauti ya baba yake ikimwambia, "Mzigo wako uko tayari, njoo uuchukue."

Na kila siku, wakimaliza kula, alibonyeza namba mia tatu na kumi na mbili. Tatu, moja, mbili. Ubao unanyamaza. Anamtazama mkewe. Na Mama Pasi humjibu, "Nimesikia."

Nilimwuliza, "Na kweli ulikuwa unasikia kitu?"

"Sikusikia kitu. Miezi minane nilimdanganya, kila baada ya kula. Kadi ilimdanganya siku kumi na tisa tu."

Alifariki Jumapili asubuhi, kitandani kwake. Mkewe alikuwa amemshika mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kwenye vibonye. Tatu. Moja. Hakufika kwenye mbili. Mama Pasi akamwambia, "Nimesikia, baba. Nimesikia yote." Fundi Masikio, mtengeneza redio na spika. Miaka sitini na mitatu.

Baada ya maziko, binti alifanya aliyoyasikia maisha yake yote. Alinunua kadi mbili, hakuangalia namba. Akazijaza pomoni moja moja, akazisoma zote upya, siku mbili nzima. Ndipo akahamishia sauti ya baba yake. Akazifunga zisiandikwe tena. Moja iko kwa mama, ya pili ameiweka kabatini kwake, ndani ya kopo kavu. Na katika kuhamisha ndipo alipokuta kitu ambacho hakina namba daftarini. Kilirekodiwa siku ya pili, kati ya sentensi ya ishirini na mbili na ya ishirini na tatu. Baba alisahau kusimamisha. Dakika kumi na moja.

Humo hamna sentensi. Kuna bisibisi. Kuna pumzi zake, zinapita puani kama za watu wote. Anaisonya skrubu. Kisha kwa mbali sauti ya Mama Pasi inaita kutoka uani, chakula kinapoa. Naye anajibu, "Nakuja." Kiti kinakwaruza, mlango, basi. Dakika nane zinazobaki ni chumba kitupu. Binti alitaka kuzikata, kipande kiwe chepesi. Mama yake akamshika mkono. "Acha. Hapo alikuwa anakula na mimi."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Pasi, kwa binti yake, kwa dada wa marehemu, sisi hapa redioni tunasema poleni. Poleni sana. Hatuna dawa ya kuwapa. Na kwenu mlio majumbani: aliye na sauti ya mtu wake kwenye kadi, leo hii aizime mashine kwa utaratibu, aiwashe tena, asikilize kama bado ipo. Aitolee nakala leo. Asiiamini kadi kwa namba yake. Na aliye na neno la kumwambia mtu aliye chumba cha pili, ainuke akamwambie kwa mdomo, mdomo ungali wake. Asilipange likawa la mwisho.

Alhamisi ile nguo ziliisha kabla ya saa sita mchana. Binti alikuwa ametoka zamu, amekwisha kusinzia kwenye kiti cha wateja, viatu bado miguuni. Mama Pasi akaizima pasi, akajinyoosha juu ya mkeka kando ya meza ya marehemu. Akanyoosha mkono, akawasha zile dakika kumi na moja. Bisibisi ikagonga. Pumzi zikapita. Akasikia mumewe anavyoitwa kwa sauti yake yeye mwenyewe, ya mwaka jana, ya mtu asiyejua yatakayofuata. "Nakuja," ubao ukasema. Mlango ukafungwa. Nilidhani atalia. Alivuta khanga mpaka begani, akageukia ukutani. Kilichobaki ni mlio wa chumba kisicho na mtu. Zilipofika dakika mbili tatu za chumba kile kitupu, Mama Pasi alikuwa amelala.