Barua Sitini na Mbili za Mama Eufrazia Nampoto (1957–2025)

Mama yetu Eufrazia alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 Ndanda, wilayani Masasi, mtoto wa tatu wa Mzee Valerian, mchonga vinyago, na Mama Sesilia. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha mwaka 1975 akaja Dar es Salaam kusomea utunzaji wa kumbukumbu.

Tangu 1978 hadi alipostaafu 2017 alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya serikali. Huko alipata imani ambayo hakuiacha: barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa lazima ijibiwe. Yeye mwenyewe hakuwahi kuilaza barua ya mtu mezani.

Tarehe 6 Novemba 1982 alifunga ndoa na Wilfred Nampoto, Kinondoni. Alipostaafu walinunua nyumba ghorofa ya tano, Mikocheni, katika jengo la familia arobaini. Walilipenda kwa sababu lilikuwa na lifti, na magoti ya Mzee Wilfred yalikuwa yameanza kumsaliti.

Lifti ilikufa Juni 2021. Kampuni inayoendesha jengo iliwekwa na mjenzi, na mikataba haikuwapa wenye nyumba nafasi ya kuiondoa. Mama akaandika. Meneja, Bwana Anwar, alikuwa na adabu sana.

"Shikamoo, mama. Barua yako nimeipata."

"Marahaba. Umeisoma?"

"Nimeipata, mama. Ila hakuna sheria inayotubana."

"Basi ngoja niiombe hiyo sheria."

Akaiomba, ofisi moja hadi nyingine: iwepo mamlaka ya kuzipa leseni kampuni hizi, kuzikagua na kuwasikiliza wenye nyumba, ili mumewe aweze kushuka. Kila barua aliiandika nakala mbili. Moja aliiacha, nyingine akarudi nayo ina muhuri. Jirani yake Somoe alimtania ngazini: "Shoga, wenzio tunakusanya vitenge, wewe mihuri." Mama alicheka, akaomba ashikwe mkono, ghorofa bado mbili.

Nakala ziko sitini na mbili. Hakuna iliyojibiwa. Watoto wake walimsihi aache, kwa kuwa waliona asichotaka kukiona: muhuri wenyewe ndio ulikuwa jibu.

Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2023. Daktari alimkataza ngazi, naye akazipanda hadi Januari mwaka huu. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa mbili asubuhi, majirani wakiwa bado wanatafuta kiti imara cha kumshushia. Katika kikao cha msiba wakazi waliulizwa nani ataendelea na barua. Mtu akauliza magari yataondoka saa ngapi, kikao kikahamia kwenye habari ya usafiri.

Leo asubuhi mwili ulishushwa kwa ngazi. Vijana walirudi juu kumbeba Mzee Wilfred aje huku Chanika kumzika mkewe. Alikataa.

"Kunishusha mtanishusha. Jioni mkishatawanyika, nani atanipandisha? Nimeshamuaga hapa mlangoni. Nendeni, wanangu."

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Herieth na Cyprian, na wajukuu watano. Mungu ampumzishe Mama, na amtazame mumewe, aliyebaki ghorofa ya tano.